Muulize Anti wa Safari: meli imefika bandarini, skuta ya mama inashukaje?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja, kwenda kruzi, yaani safari ya matembezi kwa meli, na mtu ambaye miguu haimpeleki mbali. Nimeweka nne hapa. Skuta ninayoongelea ni ile ya umeme wanayotumia wazee na wagonjwa, yenye kiti na usukani mbele, manake kuna mmoja aliniuliza kama meli zinapakia pikipiki.

Shikamoo anti. Mi niko Houston na wadogo zangu wawili. Mama yetu ana miaka 74, magoti yamekwisha kabisa, ndani anajikongoja na fimbo ila akitoka nje ni skuta. Tumechanga tumpeleke kruzi ya siku saba, inatokea Galveston inapita Falmouth Jamaica, Grand Cayman na Cozumel ya Mexico. Kampuni imesema ndani ya meli skuta haina shida. Ila huko tunakoshuka hakuna aliyetuambia kitu. Mdogo wangu anasema mama abaki melini apumzike sisi tushuke tukatembee, mi roho inaniuma. Tufanyeje? – Binti wa Tanga

Marahaba mwanangu, na Mungu awabariki kwa hilo la kuchanga. Nianze na hilo la mama kubaki. Akibaki melini iwe ni yeye kachagua, kachoka au hapapendi, isiwe kwa sababu nyie hamkuuliza mapema. Naongea na uchungu kwa sababu yalinikuta. Mzee wangu alipopata kiharusi tulienda safari yetu ya kwanza na skuta, tukafika bandari moja asubuhi jua zuri, tumeshajipaka mafuta tumevaa kofia, tunafika mlango wa kushukia tunaambiwa skuta haiingii kwenye boti. Nilikuwa sijui hata kama kuna boti! Alikaa pale juu akiangalia watu wanaenda ufukweni na hakuniambia neno lolote, na ule ukimya wake mpaka leo naukumbuka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila bandari, kabla hata ya kuangalia bei ya matembezi, ni hili: meli inafunga gati au inatia nanga nje? Ikifunga gati mnashuka kwa daraja mnakanyaga nchi kavu. Ikitia nanga nje mnabebwa na boti, wanaziita tenda, na kwenye meli nyingi zile boti ndo hizohizo za kuokolea watu, zimening'inia ubavuni, mlango mdogo na kuna kuvuka kati ya meli na boti huku vyote viwili vinacheza na mawimbi. Kampuni nyingi hazikubali skuta kwenye tenda kabisa, nyingine zinakubali kiti cha magurudumu cha kusukuma tu, nyingine zinataka mtu aweze kupanda hatua kadhaa mwenyewe. Na hata wakikubali kwenye simu, siku yenyewe nahodha ndo mwenye neno, bahari ikichafuka hapo hamna mjadala.

Kwenye safari yenu Grand Cayman ndo bandari ya nanga. George Town, mji wa kushukia pale, hakuna gati la meli kubwa, na mwaka 2025 wananchi walipigia kura suala la kulijenga wakakataa, kwa hiyo msitegemee habari nyingine. Nafuu ya pale ni kwamba boti za kushushia ni za wenyeji, kubwa kuliko zile za melini, na bahari ikitulia kuna watu wenye viti vya magurudumu wanashuka vizuri tu. Fanyeni hivi: andikeni barua pepe kwa ile ofisi ya kampuni inayoshughulika na abiria wenye ulemavu, sio wale wa mauzo, mtaje aina ya skuta, uzito wake, na kwamba mama anaweza kusimama na kupanda hatua mbili tatu akishikwa. Majibu yaje kwa maandishi, na mwende nayo. Alafu bebeni kiti chepesi cha kukunja cha kusukuma, ili skuta ikikataliwa mama ashuke na hicho, mji wenyewe uko palepale mnaposhukia na kusukumana sio mbali.

Falmouth na Cozumel meli inafunga gati, hapo pumueni. Gati la Falmouth lilifunguliwa 2011 kwa ajili ya haya mameli makubwa, ndani ya geti ni tambarare, maduka, vivuli, mama anaweza kuzunguka peke yake na akafurahi. Nje ya geti ndo unaingia mji wenyewe, mji wa tangu 1769, majengo yake ya zamani mazuri mno ila barabara si laini kama ndani, na watu wa teksi watawazunguka. Nendeni naye taratibu, msimwache mbele.

Cozumel mi naipenda kwa skuta kuliko zote hizo tatu. Kuna magati matatu, moja liko mjini kabisa na mawili yako kusini, yaani kilomita kadhaa mpaka katikati ya mji, kwa hiyo ulizeni mtafunga lipi. Ile barabara ya kando ya bahari ni tambarare na upepo unapiga, mama atatembea hapo kama malkia. Mkikata kuingia mitaa ya nyuma ndo mtakuta kingo za barabara zimeinuka na njia za waenda kwa miguu nyembamba, mnafika mwisho wa njia hamna mteremko, inabidi kurudi mlikotoka. Na magati yenyewe ni marefu sana jamani, watu wanasahau, wanahesabu umbali wa mjini hawahesabu gati kwenda na kurudi, na betri haijui tofauti.

Hapo kwenye betri nisikilize vizuri. Kile kinachoandikwa kwenye boksi, sijui kilomita 15 sijui 20, ni kwa mtu mwepesi, sakafu ya sawa, betri mpya. Ongeza jua, mlima kidogo, mama na pochi lake na mifuko ya zawadi, toa nyingi. Sheria yangu ni kwamba taa ya betri ikifika nusu mnageuza, hata kama mnaliona duka zuri mbele. Mkiwa mnatembea wenyewe, sio kwenye matembezi ya meli, meli haiwasubiri.

Lile daraja la kushukia pia lina mambo yake. Lina vijiti vya kuzuia kuteleza na mwishoni mara nyingi kuna kibati kinachoinuka kidogo, na skuta ndogo zina tumbo la chini sana, zinakwama hapo. Mwacheni baharia aishike, mama ashuke kwa miguu ameshika mkono wa mmoja wenu kama anaweza. Na skuta zote zina kile kiwenzo cha kuachia gia ili isukumike, mtu asikiguse kwenye mteremko, ukikiachia breki haipo tena na inaondoka na mama juu yake. Waambieni na hao wanaowasaidia maana wao wanafikiri wanarahisisha.

Neno la sheria kidogo. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2005 ilisema sheria ya walemavu ya 1990 inazihusu hata meli zenye bendera za nje zikiwa kwenye maji ya Marekani, kwa hiyo melini mna pa kusemea. Ila ukishakanyaga Jamaica au Mexico hiyo sheria haikufuati, teksi isiyo na lifti ni teksi isiyo na lifti. Ndo maana skuta inayokunjika au kufunguka vipande, inayoingia kwenye buti la gari la kawaida, kwa safari kama hii nzuri kuliko ile kubwa ya kifahari. Na chumba je, mmechukua kile cha walemavu? Vyumba vya kawaida milango mingi haifiki sentimita 60, na skuta hairuhusiwi kulala koridoni kwa sababu ni njia ya kukimbilia moto ukitokea. Pimeni upana wa skuta leo.

Mwambie mdogo wako siku ya Cayman mkikataliwa mmoja wenu abaki na mama. Mgawane siku, msimwache peke yake. Na mniandikie mkirudi.

Dada yangu salaam. Mimi ni mzee wa miaka 69, naishi Leicester, mguu wa kulia ulikatwa kwa ajili ya sukari. Mke wangu ameniomba twende Mediterania, meli inaanzia Barcelona, inapita Civitavecchia na Napoli za Italia, Santorini ya Ugiriki, inaishia Valletta ya Malta. Nina skuta mbili, kubwa ya barabarani na ndogo ya kukunja. Nichukue ipi, na kweli Santorini haifai? Niambie ukweli usinionee huruma. – Mzee wa Leicester

Salaam kaka, na nakuambia ukweli. Santorini haifai kwa skuta. Meli zinatia nanga katikati ya lile shimo la volkano, boti inakushusha chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu kabisa kama mita 200 na zaidi. Njia za kupanda kutoka pale ni tatu: ngazi karibu 600, punda, au vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba, vya kuchukua watu sita sita, na foleni yake. Hakuna hata moja iliyofikiria mtu kama wewe. Ila sikiliza, ile sura ya Santorini inayochorwa kwenye kadi, nyumba nyeupe zimekaa juu ya ukingo wa jabali, inaonekana vizuri ukiwa baharini, na watu elfu mbili wakishashuka sitaha yote inabaki yenu. Amka alfajiri wakati meli inaingia, kaa mbele na mkeo na chai yenu. Mi nimekaa hivo na mzee wangu na hatukukosa kitu.

Chukua ndogo. Kubwa ya barabarani, ile ya kwenda maili 8 kwa saa, itakupa heshima mitaani ila haitaingia kwenye teksi, haitaingia lifti nyingi, na chumbani itakuwa ugomvi. Ubaya wa ndogo ni magurudumu yake, na hapa Roma inaingia. Civitavecchia sio Roma, Roma iko kilomita kama 80 kutoka bandarini, na ukifika kule katikati ya mji barabara nyingi zimepangwa vile vijiwe vyeusi vya mraba wanaviita sampietrini, gurudumu dogo linagonga kila kimoja na mgongo wako unavihesabu. Kama Roma ndo ndoto ya mkeo, bukuni gari lenye lifti kutoka nyumbani kabisa, ni ghali, mchague sehemu mbili tu, na kwenye mawe uende polepole ukikata mshazari usiingie moja kwa moja. Kama sio ndoto, bakini palepale Civitavecchia, kuna ngome ya zamani bandarini na njia pana ya kando ya bahari, mle samaki mrudi.

Napoli ni tofauti, meli inafunga mjini kabisa, ukitoka unaliona jumba la ngome ya Maschio Angioino mbele yako. Magari ndo mengi na madereva wana haraka, vuka kwenye taa tu. Na kuna jambo wengi hawajui, Pompei, nje kidogo ya Napoli, wametengeneza njia ya watu wa viti na wazee, tangu 2016, zaidi ya kilomita tatu ndani ya magofu, unapita katikati ya ule mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 baada ya Kristo, bila kubebwa na mtu. Kwangu mimi nikiwa nimebakiza hela ya gari moja tu lenye lifti kwenye safari nzima, ningeitumia hapo kuliko Roma.

Barcelona mabasi ya mji yana rampu na mji umenyooka, hapo hamna la kuogopa. Fikeni siku moja kabla.

Valletta ndo zawadi yako ya mwisho. Ukiiangalia kutoka melini utakata tamaa, mji umekaa juu ya ukuta mrefu wa mawe kama hakuna njia. Njia ipo, ni lifti! Inaitwa Barrakka, ina urefu wa mita 58, ya kwanza ilijengwa 1905 ikaja kubomolewa, hii ya sasa ilifunguliwa 2012, inakutoa chini karibu na bandari inakutua kwenye bustani juu kabisa, bandari yote iko chini yako na meli yenu mnaiona kama kitu cha kuchezea. Huko juu shika barabara kubwa ya katikati, zile za pembeni zinashuka kwa ngazi. Na tega sikio uwasikie Wamalta wanavyoongea, kitabu wanasema ktieb, bahari baħar, soko suq, mtu wa pwani kama wewe utajisikia umekaribia nyumbani.

Jambo la haki yako: kwa kuwa safari inaanzia bandari ya Umoja wa Ulaya, kuna kanuni namba 1177 ya 2010, inafanya kazi tangu Desemba 2012, inakupa msaada wa kupanda na kushuka bila malipo, ila uwape taarifa angalau saa 48 kabla. Wewe usingoje saa 48, wape siku unayobuku na ukumbushe tena.

Anti hujambo, niko Maskati, nataka kumpeleka bibi yangu Singapore kwa ndege tukapande meli huko. Skuta yake ya betri ya lithiamu, shirika la ndege linaniuliza wati-saa ngapi, mi hata sielewi. – Mjukuu

Sijambo mjukuu. Angalia betri, ina namba mbili, volti na ampea-saa. Zidisha. 24 mara 12 ni 288, hiyo ndo wati-saa. Kwa skuta ya kukunja ambayo betri inatoka, mwisho wa kawaida kwenye ndege ni 300 kwa betri moja, au kama ni mbili basi kila moja isizidi 160, na unazibeba mkononi, hazishuki kwenye mizigo. Waambie mapema wakupe kibali. Kama ya bibi ni 24 mara 20, hiyo 480, haipandi, bora mkodi skuta kule iletwe melini. Angalia pia chaja imeandikwa volti 100 mpaka 240, na usibebe waya wa kuunganisha, ile ekstensheni, kutoka nyumbani, melini wanauchukua.

Na kabla hamjasafiri mzoesheni bibi hapohapo Matrah, ile njia ya kando ya bahari ni tambarare na ndefu, aende arudi mara tatu nne ajue kona na breki zake. Watu wanampa mzee skuta mpya siku ya safari, sio haki.

Assalam aleikum anti. Mi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa. Meli za watalii zikija naona wazee wa kizungu na hivi viskuta vyao pale nje ya bandari, wengine wanatuangalia tu hawajui waulize nini na sisi pia hatujui. Kuna siku tulikibeba kimoja watatu tukakivunja mkono, mama wa watu akalia. Nifanye nini nisirudie? – Dereva, Mombasa

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana huku kote watu wananiuliza watasaidiwa vipi na wewe ndo wa kwanza kuniuliza utasaidiaje.

Usishike skuta kwa mkono wa kiti wala kwa usukani, vile vimechomekwa tu, vinang'oka. Muulize mwenyewe, anajua skuta yake kuliko mtu yeyote, mwambie akuonyeshe inafunguka vipi. Toa betri kwanza, ndo nzito, alafu kiti, kinachobaki kinashikwa kwenye fremu ya chini na watu wawili. Na zima ufunguo kabla hujaigusa, maana ukigusa kile kidude cha mwendo kwa bahati mbaya inaruka. Kwa tuktuk yako ile ya kukunja tu ndo itaingia miguuni, hizo nyingine ongea na jamaa mwenye Probox au vani mfanye kazi pamoja, wewe mbeba mzee yeye mbeba skuta, muende nyuma kwa nyuma mzee asiitoe machoni, kwake ile ni miguu.

Na mwambie ukweli wa njia kabla ya bei. Fort Jesus ina miinuko na sakafu ya mawe ya tangu Wareno 1593, mwambie ili aamue. Mji wa Kale mitaa mipana kidogo anapita, vichochoro vya ndani hapana. Mpeleke bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, pale palipotengenezwa upya 2019, njia pana za kutelezesha skuta bila kuinua kitu, mibuyu, upepo, na meli zinaingia Kilindini karibu kabisa anaziona. Mnunulie dafu na krispi za muhogo, kaa naye chini ya mbuyu.

Kitu cha mwisho, wewe unajua maji kuliko hao wageni. Siku za bamvua, yale maji makubwa, Mombasa maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, meli inapanda nayo na lile daraja la kushukia linabadilika, asubuhi limelala jioni limesimama wima. Anayetumia skuta umuulize anarudi saa ngapi, ukiona saa hiyo daraja litakuwa kali mwambie arudi mapema kidogo, au awapigie simu mabaharia wake wamsubiri chini. Na yule mama aliyelia, kama meli yake inarudi msimu ujao, mtafute.